Karatasi ya Amri ya Kunakili

Jumatatu, 4 Machi
Vipimo vya msimu huu vimefutika. Vyote! Miezi minne ya kuhesabu mbegu zilizoota kwenye trei, na leo faili ina namba za mwaka jana. Aliyeigusa mwisho ni Bi Mbegu – ndivyo maabara nzima tunavyomwita, miaka ishirini na miwili na kibano chake mkononi. Anasema alifuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno.
Karatasi ni yangu. Niliiandika mimi.
Nakaa, nasimama. Chai imepoa mara mbili.

Jumanne, 5 Machi
Nimeisoma karatasi kama mgeni. Unafungua lile dirisha jeusi la kompyuta, unaandika amri. Na mimi nimeandika: nakili faili faili. Basi! Ipi mbele, ipi nyuma – kimya. Programu inataka kwanza faili inayonakiliwa, kisha ile inayopokea. Sasa Bi Mbegu ameandika barua za ofisi maisha yake yote, na barua zetu zote huanza KWENDA KWA, ndipo KUTOKA KWA. Akafanya vivyo hivyo. Akaweka mbele faili ya akiba, ile ya kuhifadhia nakala, kwa kuwa huko ndiko vipimo vilikokuwa vinakwenda. Programu ikachukua akiba ya mwaka jana, ikaimwaga juu ya msimu huu. Haikuuliza hata "una hakika?"
Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mfano. Mkuu wa kitengo akasema kata, ukurasa mmoja unatosha, hawa ni watu wazima. Nikakata. Nani alinishika mkono?

Jumatano, 6 Machi
Bi Mbegu ataitwa kamati ya nidhamu keshokutwa, saa nne. Uzembe. Amebakiza miezi saba astaafu. Wakimkuta na kosa anaondoka sasa hivi, bila hata kuagwa.
Mkuu kaniagiza niandike maelekezo upya, haraka. Jioni nikamjaribishia mume wangu. Yeye ni fundi bomba, kompyuta ni ya watoto, anasema. Nilikuwa nimeandika:
nakili CHANZO MPOKEAJI [-uliza]
Akaandika na mabano yenyewe. Programu ikagoma.
"Mabano ya nini?" nikamuuliza.
"Si umesema niandike kama ilivyo?"
"Mabano maana yake ukitaka unaweka, usipotaka unaacha."
"Umeandika wapi hayo, mama? Au nikusome usoni?"
Nimeongeza sentensi. Halafu akasema, mdomo umejaa mkate: fundi akiingia nyumba ya mtu, swali la kwanza ni maji yanatoka wapi, la pili yanaenda wapi. Ukianza na la pili unafurisha jiko. Nimeongeza mshale. Nimeongeza mfano na majina halisi ya faili zetu. Nimeongeza onyo: mpokeaji atafutwa. Nimeweka -uliza, ili programu iulize kabla ya kufuta, iwe lazima kwetu, na mabano nikayatoa.
Mara ya nne hakukosea. Tukacheka. Kisha mimi nikaacha kucheka.

Alhamisi, 7 Machi
Mkuu kaisoma, kaipenda. "Hii sasa ndiyo karatasi." Kisha, bila kuinua macho: tarehe ya chini niiache ya mwaka jana, ileile ya mwanzo. Kamati haina haja ya kuchanganywa na karatasi mbili. Na zile za zamani nizibandue zote.
Nikasema sawa. Sawa!
Nimebandua saba. Nimezichana zote, vipande vidogo vidogo, mikono ikifanya kazi yake kana kwamba si yangu. Ya mwisho ilikuwa juu ya meza ya Bi Mbegu. Alikuwa kwenye sinki anasugua trei.
"Unasafisha ukuta, mwanangu?"
Nikasema ndiyo.
"Vizuri. Mimi labda sikusoma vizuri. Macho haya nayo."
Nilitaka kumwambia. Niliangalia maji yanavyozunguka kwenye tundu la sinki, nikamwambia shikamoo badala yake. Nilishamwamkia asubuhi! Akaitikia tu, marahaba, taratibu, kama anayemtuliza mtoto.
Kadiri nilivyoandika vizuri, ndivyo nilivyomfunga.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne na dakika kumi. Naandika nikiwa kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango wa kamati. Mkuu kaniambia nisiende mbali, huenda wakanihitaji, jibu ni moja tu: ndiyo, ni karatasi yangu. Si uongo, kasema. Kweli si uongo.
Nimeshakwenda msalani mara tatu.
Mlango haufungi vizuri. Nawasikia. Mwenyekiti anamwomba Bi Mbegu asome karatasi kwa sauti. Anasoma. Polepole, kidole nadhani kiko kwenye mstari. Chanzo. Mshale. Mpokeaji. Onyo.
Mwenyekiti anauliza:
"Bi mkubwa, kuna mahali hujaelewa?"
"Hapana, mwanangu. Imeandikwa vizuri sana. Hata mimi nimeielewa."
Mtu kacheka kidogo. Kiti kimekwaruza sakafu.
"Basi," anasema Bi Mbegu, "kosa ni langu."
Karani kafungua mlango. Mwandishi wa karatasi aingie. Nimemwambia dakika moja namalizia. Ananiangalia ninavyoandika. Karatasi ya zamani hakuna tena hata moja, kuna mdomo wangu tu, na mkuu amekaa pale mbele ananitazama kupitia mlango, anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Bi Mbegu amegeuka. Ananisogezea kiti.