Shati la Mtu Ambaye Hakupimwa

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nakuandikia shati likiwa mapajani na mwenye shati hajui kama analo. Nimesoma mpaka chuo kikuu, lakini kazi niliyoipata ni kwenye cherehani ya shangazi yangu, na pale tuna kitenzi chetu, kufuti, yaani kumtazama mtu mpaka uvijue vipimo vyake bila kumgusa, kilichozaliwa siku futi ya kupimia ilipopotea na bibi harusi keshafika, shangazi akamtazama kwa utulivu, akakata kitambaa, na gauni likakaa. Mimi namfuti fundi saa wa ng'ambo ya barabara, mwaka wa pili sasa, naijua shingo yake, najua bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia, na yeye, kioo kikiwa jichoni, hajawahi kuinua uso, tena hufika kabla yangu na huondoka baada yangu. Shangazi hunicheka: "Wewe, macho yako yatamtoboa mtoto wa watu! Si umwite tumpime?" Nikashona kwa siri. Juzi akasimama kubandika tangazo mlangoni, anahamia mji mwingine Jumamosi, na kwa mara ya kwanza nikamwona amenyooka, na mabega yake yako sawa, mshauri, sawasawa kabisa, na shati langu lina bega moja chini. Sasa nilimshonea nani? Nilifumue, au nilifiche?

Mshona Shati

Mwanangu,

Pole. Nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nikakasirika. Miaka miwili! Kati yenu hakuna mlima, kuna barabara tu. Ulimshonea mtu aliyeinamia kazi. Aliyesimama humjui, wala yeye hakujui. Na kisa cha shangazi yako umekisahau: bibi harusi alikuwa mbele yake, alijua anatazamwa, na gauni alilitaka mwenyewe. Wewe umefanya nusu ya kazi, ile isiyohitaji ujasiri.

Usilifumue, usilifiche. Kesho asubuhi vuka, shati mkono huu, futi mkono huu. Mwambie, "Kaka, nilikushonea bila ruhusa, nikakosea bega. Naomba nikupime." Akikataa, omba radhi urudi kwenye cherehani yako, utalia, na shangazi yupo. Akikubali, usikimbilie kusoma futi. Simama hapo, naye akutazame.