Mume Wangu Ana Figo la Dada Yake, Sasa Katoka Vipele

Mpendwa mshauri, Mama Restituta, shikamoo. Naomba msaada wako maana sina wa kumwambia. Mume wangu Laurian alipandikizwa figo alilopewa na dada yake Leonsia wa Mbuba, na tangu hapo anameza dawa za kushusha kinga ili mwili usilikatae, na daktari alituonya tukae mbali na wagonjwa, lakini tulipokwenda Mbuba tukakuta mtoto wa Leonsia ana tetekuwanga, nikasema tusiingie, wifi akalia mbele ya wageni, "Nimekukatia mwili wangu kaka, leo mwanangu anakutia kinyaa?", na huku kwetu kumkwepa mtoto wa mwenyeji ni kama kukataa mrija wa pombe yake, umeshasema ana sumu, basi Laurian akaona aibu, akaingia, akampakata. Sasa ametoka vipele vya maji mwili mzima, anakohoa, homa haishuki, na hospitali hataki. Anasema, "Leonsia akijua ni mwanawe, atajilaumu mpaka kufa. Nyamaza." Ameniapisha kwa Mungu. Nifanyeje?

Frida, Mugoma

Marahaba Frida. Pole mwanangu, lakini nitakugombeza. Umepata muda wa kuandika barua, ukakosa muda wa kumpigia daktari? Mtoto wa Leonsia huenda atapona huku anacheza. Kwa mtu aliyeshushwa kinga, virusi haohao huingia hadi kwenye mapafu na ini, na hicho kikohozi kimenifanya niache chai yangu. Dawa ya kuwazuia ipo, ila inataka kuwahiwa.

Mpeleke hospitali leo. Mkifika tu getini sema ana figo la kupandikizwa na ana vipele, wamtenge na wagonjwa wengine. Wapigieni waliompandikiza. Dawa zake za figo asiache wala kupunguza kwa akili zenu, hilo ni la daktari.

Na hicho kiapo, Mungu hakuombi umzike mume ili wifi asilie. Mwambie Leonsia. Atalia, ndiyo, lakini yeye hakujua. Nyinyi ndio mlioonywa. Alikubali kupasuliwa ili kaka yake aishi, na nadhani ndiye pekee anayeweza kumwambia "nyanyuka twende" akanyanyuka.

Namba uliyoniachia nimeipiga tangu asubuhi, inaita tu. Kama Laurian bado amelala humo ndani, acha kusoma, ondoka naye.