Harufu Kwenye Kochi

Kijenge, Arusha
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua na mvua za Kondoa zimelikumbuka shamba letu. Mimi ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa, majirani wote wakachangia. Hii isome peke yako.

Wiki hii kazi nusura iniponyoke. Hapa kwa bosi wangu, Mama Doreen, kuna kambwa keupe ka ndani kanaitwa Popi. Ni ka Babu, baba mkwe wake, aliyeletwa kutoka Machame baada ya kufiwa na mkewe. Babu hana rafiki mwingine mjini. Anashinda kwenye kochi la sebuleni, Popi miguuni, wakiongea Kichaga wawili wao.

Basi kochi likaanza kunuka mkojo, na kochi lenyewe ni la rangi ya maziwa. Nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni, harufu ikazidi. Nikamwagia jiki. Mama, ile hewa iliyopanda ilinikaba koo, nikakimbilia uani nakohoa. Ndipo nikakumbuka mafundisho ya madrasa, kwamba majimaji ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Nikasema heri nimalize harufu na najisi pamoja. Nikachota udongo bustanini.

Mama Doreen alirudi kutoka dukani kwake akakuta kochi limejaa matope.

"Udongo, Zaituni? Kwenye kochi langu?"

Nikamweleza habari ya mara saba.

"Na hapo umefika ya ngapi?"

"Ya tatu, mama."

Nadhani alitaka kucheka, hasira ikamzuia. Akasema Jumamosi wanakuja watu wa upande wa mchumba wa binti yake Doreen kujitambulisha, na wakikuta harufu, nifungashe nguo zangu. Popi naye Ijumaa angepelekwa Momela, kwenye shamba la shemeji yake. Kule chui wanachukua mbwa wakubwa uani kwa watu, sembuse kale. Babu alisikia yote.

Jumanne nilikwenda Engutoto kwa fundi makochi mmoja. Akanicheka, akaniambia maji ya moto yanaupika mkojo ndani ya sponji. Nitumie maji baridi na siki, nikandamize kwa kitambaa kikavu bila kusugua, kisha ninyunyize unga wa magadi ulale mpaka asubuhi, niufagie. Nilifanya hivyo, na Jumatano kochi lilikuwa safi kabisa. Alhamisi alfajiri nikamfunga Popi uani ili asiniharibie kazi.

Mchana mto wa kochi ulikuwa umelowa. Popi alikuwa bado kwenye kamba.

Nikamtazama Babu, naye akatazama chini. "Mjukuu wangu," akasema, "usimwambie mkwe wangu."

Mama, hapa mkwe na baba mkwe wana heshima nzito. Hata nguo za Babu Mama Doreen hafui, nafua mimi. Ningemwambia nini? Nikisema, namvua mzee nguo. Nikinyamaza, mbwa anakwenda kuliwa. Nilimkasirikia Babu, sikufichi, kwa kumwacha rafiki yake abebe aibu isiyo yake. Na bado nikanyamaza.

Ijumaa shemeji alikuja na pikapu. Babu mwenyewe alifungua kamba, akamkabidhi. "Mchukue," akasema. Popi alirukia garini akitikisa mkia. Babu akarudi kukaa. Mimi nilikwenda kulia jikoni, nikisingizia vitunguu.

Jioni, Babu akiwa chumbani kwake, Mama Doreen akaja kukagua kochi. Aliweka kiganja juu ya mto, akakiacha pale. Ulikuwa umelowa, tena bado una joto. Akatazama mlango wa uani, alikotolewa Popi, kisha akanitazama mimi.

"Ulijua?"

"Tangu jana, mama."

Nilishaanza kuhesabu nguo zangu kichwani. Yeye akafunga mlango wa sebule kwa ufunguo, akavua pete zake, akasema, "Lete ndoo. Maji baridi, sivyo?" Tukafanya kazi ile wote wawili. Alipomaliza akapiga simu Momela: "Shemeji, Popi arudi kesho asubuhi. Usiniulize."

Jana wageni walikuja. Katikati ya chai, mama wa mchumba akavuta pua, akauliza kama tunafuga mbwa ndani. Babu akaweka kikombe chini, akafungua mdomo aseme. Mama Doreen akamuwahi.

"Ndiyo, tunaye. Bado hajazoea nyumba, mtusamehe."

Babu aliinama kumpapasa Popi, na hakuinuka kwa muda mrefu.

Nisalimie shangazi wa vitumbua, mjomba fundi baiskeli, na mdogo wangu Hadija mwambie asome. Babu yetu msalimie peke yake. Ule mwaka nilimchapa paka kwa kulowesha mkeka wa babu, naye babu akakaa ananitazama tu. Niombee radhi kwake, mama, ila usimwambie ni ya nini.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka,
Zaituni