Ile ya Mbio na Ile ya Rangi

Kaka yangu, Aboowe Yusuf,

Ule mlio bado umo masikioni mwangu: mmoja mrefu, miwili mifupi. Kompyuta ilikuwa ikilalamika kwamba haina kadi ya picha, nawe ulicheka, ukaligonga sanduku lake kwa kiganja. "Tulia, inakuja." Wiki iliyofuata homa ikakuchukua.

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama ulivyokuwa ukiniandikia nikiwa bwenini. Hooyo, mama yetu, amerudi kuuza maziwa sokoni. Chumba chako bado kinanuka waya. Mashine ilibaki mezani, ubavu wazi, na mimi nilikuwa nikipita mlangoni bila kuitazama.

Unakumbuka tulivyobishana juu ya lile gazeti la kompyuta mpaka likachanika katikati. Wewe ulitaka kadi ya mbio. Michezo yako miwili ya magari ilitengenezwa kwa ajili ya hiyo tu. Mimi nilitaka ile ya rangi, kwa sababu nilikuwa nachora mchezo wangu, barabara ya kwenda Ijara, na kwenye kadi yako mchanga wa jioni ungetoka mistari mistari kama shuka. "Abaayo, dada yangu," ukaniambia, "nani hununua gari la mbio ili atazame viti?" Nilinuna siku nzima. Sasa natamani tungebishana tena.

Halafu abti Hassan, mjomba wetu, akatuma habari kutoka Dubai: amezipata kadi zote mbili, pesa zinatosha moja tu, anasafiri kesho, tuseme tunataka ipi. Nikaenda kwenye duka la taar, ambako watu huzungumza na walio mbali kwa redio, nikaishika ile redio, wauza mbuzi wakiwa foleni nyuma yangu na kila neno wanalisikia.

"Ya mbio ama ya rangi? Over," abti akauliza.

Nikisema ya mbio, nitakuwa nimekujengea kaburi la pili, la bati na nyaya, nikae mbele yake nikiendesha vibaya magari uliyoyajua wewe. Nikisema ya rangi, michezo yako haitafunguka katika mashine hiyo milele. Wewe uliiunda, skrubu kwa skrubu, na mimi ndiye ningekufungia mlango.

"Binti, sema!" mzee mmoja akapiga kelele. "Mbuzi wangu wanakonda hapo nje!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nalia, lakini nilikuwa nimewapa mgongo.

Asubuhi hiyo hooyo alikuwa ameniuliza, akinifunga ushungi kama mtoto: "Hiyo mashine sasa ni ya Yusuf au ni yako?" Pale dukani ndipo nilipolipata jibu, na liliniuma.

Nikabonyeza kitufe. "Ya rangi, abti. Over."

Nisamehe kama unaona nimekuvunja. Sidhani unaona hivyo. Ungeninunia mpaka magharibi, kisha ungekuja kusimama nyuma ya kiti changu unikosoe.

Allah akupanulie mahali ulipo, Aboowe. Barabara ya Ijara nitaimaliza, nakuahidi, na sitaruhusu mtu yeyote aseme niliichora peke yangu.

Kadi imefika, nimeichomeka kwa mikono yangu. Diski za michezo yako nimempelekea Abdi, rafiki yako wa Dadaab, ambaye kompyuta yake ina kadi ya mbio. Nilimkabidhi zote mbili, na nilipotoka alikuwa tayari anacheza.

Dada yako,
Hodan