Bibi Harusi Aliyekwama Kwenye Tope

Alhamisi, tarehe 21, mwezi wa nane. Siku ya themanini na tatu tangu niondoke Kiomboi. Jua kali, mgongo unauma, moyo mweupe.

Mgongo una sababu. Tunajenga nyumba ya walimu hapa Mbwera, na mimi ni saidia fundi. Saruji inakuja kwa boti kutoka Nyamisati. Maji yakijaa, boti inafika karibu. Yakitoka, inalala kwenye tope kule mbali, na mifuko inakuja juu ya kichwa changu. Mimi mtu wa Singida. Kwetu maji tunayatafuta. Hapa yanakuja na kuondoka kila siku na hakuna anayeyashangaa.

Lakini leo sitaki kuandika habari za saruji.

Shule ya hapa iliazimwa kompyuta moja, na watoto watatu wanatengeneza mchezo wao wenyewe. Mwanaidi ndiye bosi. Shabani anachora. Zuhura, mdogo kuliko wote, anatoa sauti. Wanapanga vipande vya rangi kwenye kioo, kimoja chini ya kingine. Kimoja kinasema songa mbele, kingine kinasema ukigusa tope simama. Nilielewa upesi. Ni kazi yangu ileile, ila matofali yao hayana uzito.

Wakanipa kazi ya kuujaribu. Sababu aliitoa Mwanaidi bila kunionea haya: "Mjomba hajui kitu chochote cha majini. Yeye akiweza, kila mtu ataweza."

Nikiri: niliishia darasa la tano, maandishi ya kwenye kioo yananipita mbio, na maelezo ya kwanza nilisomewa na Zuhura. Hakucheka. Alisoma polepole, kama anamlisha mgonjwa uji.

Katika mchezo unaendesha mtumbwi wenye bibi harusi, umfikishe ng'ambo kwa mumewe, ukwepe mikoko na kiboko. Hayo nikayazoea. Tatizo ni maji. Watoto hawa wameweka kupwa na kujaa kwa kweli. Mchezo unatazama saa ya kompyuta. Maji ya huku nje yakitoka, ya kwenye kioo nayo yanatoka. Mtumbwi unakwama na huna la kufanya. Kila baada ya muda bibi harusi anauliza, kwa sauti ya Zuhura, "Bado tu?" Unasubiri kwa muda wa saa tano, hata sita.

Saa za kweli.

Jumatatu mwalimu wao akawaambia kwamba afisa kutoka wilayani atakuja Alhamisi kuona kazi. Ikimridhisha, kompyuta inabaki. Isipomridhisha, anaondoka nayo kwenda shule nyingine. Shabani akaogopa, akataka maji yatoke kwa dakika moja tu kisha yarudi. Nilimuunga mkono. Nani ana muda wa kukaa mchana kutwa akitazama tope?

"Mjomba, yakirudi kwa dakika moja hayo si maji," Mwanaidi akasema. "Hiyo ni ndoo."

Wakanuniana siku mbili. Shabani alikataa kumchorea bibi harusi miguu. Zuhura alibeba maneno huku na huku na kuyaongezea chumvi njiani. Jana wakapatana: maji yabaki ya kweli, lakini afisa aje saa mbili asubuhi, mtumbwi ukiwa bado unaelea. Mwalimu akapiga simu, afisa akaitikia vizuri.

Saa mbili watoto walikuwa wamekaa, wamepakwa mafuta mpaka visigino. Saa tatu. Saa nne. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa la ujenzi nikiangalia mkondo unavyopungua, na sijawahi kuyaombea maji hivyo tangu ukame wa kwetu.

Afisa alifika saa tano na nusu, yeye na nahodha wake, kwa miguu. Boti yake ilikuwa imelala kwenye tope nyuma yake. Viatu mkononi, suruali imekunjwa, na goti moja halionekani kwa matope. Akanawa, akakaa, akabonyeza. Mtumbwi haukusogea.

"Mwalimu, hii imeganda."

"Shikamoo," Mwanaidi akasema. "Haijaganda, imekwama. Maji yanarudi saa kumi."

Afisa akasema hakuja kutazama mchezo usiochezeka, akaanza kukunja waya wa chaja. Shabani aliinamisha kichwa. Mimi nilishuka kwenye jukwaa nikajifanya natafuta karai karibu nao. Sijui kwa nini. Watoto si wangu.

Afisa akamgeukia nahodha wake. "Tunaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi, mheshimiwa."

Akamtazama nahodha. Akatazama kioo. Bibi harusi akauliza, "Bado tu?"

Nilicheka peke yangu, nikajuta. Kisha afisa naye akacheka.

Akala wali kwa kamba, akalala kwenye mkeka wa mwalimu, mdomo wazi. Saa kumi mtumbwi wa kwenye kioo ukanyanyuka. Muda si mrefu nahodha akaja kuita, boti inaelea. Afisa hakuinua kichwa. "Ngoja kidogo, sijamfikisha huyu mwanamke." Kiboko alimpindua mara nne. Watoto walikuwa wamemlalia mabegani wakimwelekeza, kushoto, baba, kushoto, kwani kushoto hukujui? Mara ya tano akamfikisha. Akasimama, akaipangusa kompyuta kwa leso yake mwenyewe, akaisogeza mbele ya Mwanaidi.

Inabaki.

Wameshalala sasa, nadhani. Mimi nimekaa na aibu yangu. Nilitaka wadanganye kidogo ili wapendwe. Ni tabia yangu ya siku nyingi. Nilipoondoka nyumbani nilisema ni wiki sita, na nilijua siku ileile kwamba si wiki sita. Kila nikimpigia simu Mama Upendo, mke wangu, nasema karibu, karibu, naye ananiwekea kuku wa kunichinjia.

Basi niandike la kweli hapa, na karatasi hii niitume wa nyumbani wasome. Kuta zimefika kwenye linta, juu ya milango. Paa bado, lipu bado. Narudi mwisho wa mwezi wa kumi, si kabla. Mama Upendo, yule kuku muache atage.