Gauni Ndani ya Mto wa Mahameli

Jumatano, 3 Agosti 1994

Sijamwambia mtu yeyote. Gauni la mama la kazini limo ndani ya mto mmoja wa kochi.

Bado nashona. Mito minne. Mama alikuwa fundi wa mapazia, na masalio aliyorudi nayo kutoka majumba ya matajiri yamejaa sanduku chini ya kitanda. Mahameli nyekundu ya kizamani. Hariri nzito ya maua ya dhahabu. Vitambaa hivyo siku hizi havipatikani.

Baba anaoa tena. Jumapili mchumba wake, Anti Grace, anakuja na watu wa kwao. Shangazi alisema mke mpya asikute nguo za marehemu, akazifunga zote kwa shuka akazipeleka ocha, kijijini. Hilo la kazini, la bluu, hakuliona. Bado lina harufu ya mama: mafuta ya nazi, mafuta ya cherehani.

Mito mitatu nimeijaza matambara. Wa nne nimemtia mama.

Ijumaa, 5 Agosti

Mahameli ina njia. Mama alinifunza kuipapasa kwanza, macho nimefumba. Ukienda nayo, inalala. Ukienda kinyume, inanuna.

Kava zote nimezikata sawa. Shangazi alicheka: "Wee Mwende! Kochi bovu umelivalisha kama bibi harusi!"

Sikucheka.

Jumapili, 7 Agosti

Wageni wamekuja. Nyama ya soko la Burma, soda, maombi marefu. Wote wamesifu mito. Baba akasema ni kazi yangu. Jina la mama hakulitaja. Hata mara moja.

Anti Grace aliegemea mto wenyewe. Akaupapasa kinyume. "Aki Mwende, hii velvet mlitoa wapi?"

Nilikimbilia jikoni kuosha sufuria safi.

Namchukia. Nimeandika, sifuti. Shuleni mambo ya moyoni tunayaandika kwa Kiingereza na yote huwa uongo.

Jumatano, 10 Agosti

Amehamia. Kila asubuhi, "Niaje, mrembo?" kama rika langu. Najibu poa, macho chini. Hajanikosea kitu. Afadhali angenikosea.

Jioni naketi kwenye kochi, nafukia pua kwenye mto. Baba hudhani ni usingizi.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimetoka mazoezi ya kwaya. Kava zote nne ziko kwenye kamba. Kando yake, gauni la bluu, linadondosha maji.

Nikalishika pindo.

Anti Grace alikuja karibu, akanong'ona. "Usijali. Baba yako sijamwambia. Lilikuwa na vumbi, nikalifua polepole kwa mkono. Nitalirudisha palepale."

Nikasema asante. Asante!

Jumatatu, 15 Agosti

Amelirudisha tangu jana. Mdomo wa mto ameushona mwenyewe, kwa uzi mweupe juu ya mahameli nyekundu. Mishono mikubwa, imepinda. Hajui kushona. Alijidunga, kidole chake kina plasta.

Nimenusa kila mahali. Mshono, katikati, kona. Sabuni tu.

Hatajua alichofua. Nikimwambia atalia, na kulia kwake sikutaki. Kwangu kunatosha.

Mahameli imekakamaa. Hailali tena, hata uipapase vipi.

Jana jioni aliusogeza mto upande wangu kabla sijaketi. Baba alikuwa akisoma gazeti.

Uzi mwekundu ninao. Ningefumua nishone upya, kama mama angetaka. Nimeshika mkasi, nimeuweka chini. Uzi mweupe ubaki.

Slipa zake nazisikia kwenye simiti, zinakuja mlangoni. Karatasi hii naisukuma chini ya mto, na uso wangu juu yake.