Miaka Sita ya Baba

Mantapala, Nchelenge, tarehe 4 Machi 2021

Kwako baba mudogo Félix, kule Lubumbashi,

Tuko bazima. Muhogo imekauka muzuri, na samaki ya ziwa, ya kule Puta, imeanza kufika tena sokoni. Mwenye kunichokesha ni kaka yako, baba yangu.

Hapa ku kambi ya wakimbizi wanaandikisha bazee ba miaka makumi munane na zaidi, wapewe kiti ya magurudumu. Baba iko na makumi munane na tano, lakini karte yake ya kitambulisho inasema makumi saba na tisa. Unajua sababu. Mwaka 1960, wakati ya kwenda kucheza mupira Belgique, mwenye timu alimukatia miaka sita ili wazungu wamupokee kama kijana.

Nilimupeleka ku bureau. Karani akamuuliza kwa heshima alizaliwa mwaka gani. Baba akajibu, "Karte inasema." Tulipotoka nikamuuliza sababu gani anashika ule uongo mpaka leo. Akasema, "Nikibadilisha, watanifutia magoli yangu."

Ile timu ilikufa zamani, baba mudogo. Miguu yake pia imekufa. Mimi njo namubeba mugongoni kwenda choo.

Nimechoka kubembeleza, na mutoto haamurishi baba yake. Lakini wewe ulizaliwa 1939, na karte inasema yeye alizaliwa 1942. Basi kwa karatasi wewe njo mukubwa. Muandikie kama mukubwa, umuamurishe aseme kweli.

Ni mimi Noëlla,
mutoto wa mudogo wako